Wakiacha Kumfufua Mzee Sebuleni

Kwetu mgonjwa akizidiwa anabebwa. Teksi, bajaji, pikapu ya jirani, hata kama pumzi zimeshakatika, lazima afike hospitali, daktari ndiye aseme. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Marekani na Kanada hupigwa na butwaa wahudumu wa ambulensi wanapomkandamiza mzee kifua palepale kwenye zulia ili moyo urudi kupiga, dakika 20 au 30, kisha wakasimama na kusema basi. "Mbona hamumpeleki?" Wapo wanaoamini hadi leo kwamba mzee wao aliachwa kwa sababu ya rangi au lugha.

Mimi nawaunga mkono wahudumu. Dawa za mwanzo na mashine ya kushtua moyo wanakuja nazo, na kukandamiza kifua ndani ya gari linaloyumba ni kubahatisha tu. Kanuni ya kuamua lini kuacha, iliyopimwa Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2006, inauliza: moyo ulisimama wahudumu wakishuhudia? Mashine ilitoa shoti? Mapigo yalirudi? Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, matumaini karibu hayapo.

Ninachogomba nacho ni wafiwa kusukumiwa jikoni na mlango kufungwa, halafu wanaletewa habari. Utafiti wa Ufaransa wa 2013, uliohusisha ndugu 570, ulionyesha kwamba waliokaribishwa kushuhudia jitihada za kumfufua mgonjwa hawakusumbuliwa sana na kiwewe miezi mitatu baadaye kama wale ambao hawakukaribishwa. Wala hawakuwaharibia wahudumu kazi. Aliyeona jasho likiwatiririka hana haja ya kuuliza kama walijaribu.

Kisha kuna ile saa inayofuata, ambayo ndiyo mbaya. Bomba la hewa bado limo kinywani, polisi kasimama mlangoni, mchunguzi wa vifo hajatoa ruhusa ya mwili kuguswa. Shangazi anataka kumfumba marehemu macho, amfunge kidevu, amlaze kuelekea kibla. Anaambiwa usiguse. Hasira nyingi huanzia hapo, na nyingi zingezuilika kama mhudumu angekaa chini akaeleza bomba linasubiri nini, nani yuko njiani, na kama shangazi anaruhusiwa walau kumshika mkono.

Na tafadhali, mtoto wa darasa la sita asitumwe kumwambia bibi yake kwamba babu amefariki, eti kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana kwa simu. Apigiwe mapema, wakati kifua bado kinakandamizwa.