Hongereni, Mmemshinda Bibi

Ngoma haipigwi baridi. Kabla mtu hajatikisa kiuno kwenye sindimba, ngoma yetu Wamakonde, kuna mzee amechutama pembeni na makuti makavu. Anawasha, anaigeuzageuza ngoma juu ya moto, anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anairudisha tena motoni. Ngozi ikikaza, ngoma inasema. Ikilegea, unapiga gunia la korosho.

Jumamosi iliyopita, kwenye kijiji kimoja nyuma ya Mikindani, huku Mtwara, vijana saba walikuja wakamwaga ndoo ya maji kwenye moto huo.

Nilikuwepo. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wa wali, watoto wa jando, waliotoka likumbi, kambini kwao, siku hiyo: kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta, shati jipya lenye mikunjo ya dukani, miwani ya jua imemzidi uso, na juu yake shangazi ameshika mwavuli kana kwamba anamsindikiza waziri. Nimechangia mchele na jogoo wawili, kwa hiyo nilikuwa na haki zote za kukaa mbele. Kina mama walishajipanga, kanga zimefungwa chini ya kiuno, njuga miguuni. Vinganga vilishaanza kulia, vile vidogo vinavyopigwa kwa fimbo nyembamba, na ngoma kubwa ilikuwa bado motoni.

Wakaja na pikipiki tatu na kipaza sauti cha mkononi, kile kile cha kuuzia dawa ya panya na mende. Shikamoo hakuna. Hodi hakuna. "Haramu! Ushirikina! Mtakwenda kuunguzwa!" Mmoja wao, ndevu zenyewe bado anaziombea dua, alimsogelea mama mkuu wa ngoma, mwanamke ambaye mimi mwenyewe namwita bibi, akamwambia, "Wewe bibi, kaburi linakuita, nawe unakata viuno?" Mwingine akatupa mchanga. Wa tatu ndiye aliyemwaga maji, tena maji ya kunawia wageni. Halafu teke moja, ngoma ikabingirika hadi kwenye kisiki, ngozi ikachanika.

Hongereni. Mmemshinda bibi wa miaka sabini na kitu. Uislamu umesimama sasa.

Nimesubiri siku nne nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Hebu niwaulize jambo moja tu, na nataka nijibiwe. Ukitoka barabara ya lami kuingia kijijini pale, kona ya kwanza kuna grosari. Ina spika mbili refu kama kabati. Tangu saa nne asubuhi ilikuwa inapiga singeli, na maneno yaliyokuwa yanatoka humo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu husoma. Watu walikuwa wanakunywa bia mchana kweupe. Vijana wetu wa dini walipita hapo na pikipiki zao. Walipita! Hapakuwa na njia nyingine. Hawakupunguza hata mwendo. Ndoo yao ya maji haikuona moto wa nyama choma.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye grosari ana pesa, ana vijana wawili wenye misuli mlangoni, na ana namba za watu kwenye simu yake. Ukimmwagia yeye maji, unalala ndani. Bibi ana nini? Ana kanga, ana njuga, na ana wajukuu ambao wengi wao wako Dar wanatembeza mitumba. Basi dhambi yote ya Mtwara ikaonekana iko kiunoni mwake.

Na harusi je? Kila mwisho wa wiki mjini kuna sherehe, kuna didijei, kuna maharusi wanaoingia ukumbini wakicheza kwa mwendo ambao bibi yangu akiuona atafunika uso. Nimekaa kwenye sherehe hizo meza moja na watu wenye msimamo mkali kuliko kisu cha ngariba. Walikula pilau, walipiga picha, walichukua soda ya kwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyechomoa waya wa spika. Ngoma ya umeme ni burudani, ngoma ya ngozi ni ushirikina. Mnapigania dini au mnaona aibu kufanana na babu zenu?

Halafu nani kawaambia kwamba pale walikuta makafiri? Yule nyakanga, mkuu wa jando, aliyekaa na watoto likumbi alifungua shughuli kwa Fatiha. Adhana ya adhuhuri ilipolia, vinganga vilinyamaza vyenyewe, hakuna aliyeamrisha. Hivyo ndivyo tulivyokua. Pwani hii, kuanzia Lindi, Sudi, Mikindani hadi ukingo wa Ruvuma, Uislamu haukuingia ukakuta watu wako kimya. Uliwakuta wanapiga ngoma, ukakaa nao. Wayao wengi waliingia dini huku jando lao likiwa mkononi. Masheikh waliotufundisha alifu na be walitoka jandoni, na wengine usiku wa Alhamisi walikuwa kwenye zikri wanayumba hadi jasho linachuruzika. Vijana wa aina hii, nimewasikia kwa masikio yangu, hata zikri na dufu wanaziita uzushi. Kwa hiyo msidhani wakimmaliza bibi watatosheka. Sheikh wa twarika naye yuko kwenye foleni.

Wala si jambo geni. Mwaka 1908, Mjerumani bado anatawala, ilizunguka Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwatisha watu kwamba kiyama kimekaribia na watubu upesi. Mjerumani alipata homa, Majimaji ilikuwa ndiyo kwanza imepoa. Kiyama hakikuja. Msimu wa ngoma ulikuja, kama kawaida yake, watu walipomaliza kuvuna.

Wakristo msicheke, na ninyi mna zenu. Binamu yangu wa Masasi alikuwa na vinyago viwili vya midimu, vile vya kuvaa usoni ngomani, urithi wa mjomba wake. Akaokoka. Mchungaji akamwambia vina mapepo, vikachomwa uani huku kwaya inaimba pambio na kucheza, tena kwa kukata viuno, nawaambia ukweli. Nilipomuuliza tofauti ya kiuno kile na hiki hakunijibu hadi leo. Wakati pale pale Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana, Mwingereza, aliona kwamba jando la Wamakua na Wayao halifutiki, akalichukua akalitia sala na ubatizo, likaendelea. Tunaweza kubishana usiku kucha kama alifanya vizuri au aliliharibu. Lakini alikaa na wazee. Hakuja na ndoo.

Haya, najua mnachotaka kusema. Nitasema mimi kabla yenu. Ndiyo, kuna nyimbo za ngomani ambazo hazimfai mtoto wa miaka tisa. Ndiyo, msimu wa mabibo ukifika, uraka, pombe ya mabibo, unanyweka na kuna watu wanacheza kwa nguvu ya uraka. Ndiyo, kuna wazazi wanamtoa binti darasani kwa ajili ya chiputu, unyago wa wasichana, na akirudi anahesabiwa mtu mzima wakati bado ana meno ya utoto. Hilo linanikera kuliko hata ninyi. Na wembe mmoja kwa watoto kumi ni ujinga, mpelekeni mtoto hospitali kwanza, kisha mwingizeni likumbi. Hayo yote bibi mwenyewe anayasema, tena kwa ukali, kwenye vikao ambavyo hamjawahi kuhudhuria.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo pia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali mkononi. Kibali cha ngoma kiliombwa, kililipiwa, kina mhuri. Vijana walipomaliza kazi yao akasimama akasema, "Jamani, tusikuze mambo, yaishe." Yaishe! Waliopigwa mchanga watulie, waliotupa mchanga waende salama na pikipiki zao. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliunda wizara nzima ya utamaduni, akawasuta wasomi waliojua rumba na chachacha lakini ngoma za kwao, gombe sugu na mangala, hawajawahi hata kuzisikia. Sindimba ya huku kwetu ikapelekwa Dar, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikawa sura ya nchi. Mpaka leo kiongozi akishuka kwenye ndege Mtwara, wa kwanza kuonana naye ni kina mama hawa hawa, wanamtikisia kiuno juani, na yeye anajiunga hatua mbili kwa ajili ya kamera. Siku wanamwagiwa mchanga, "yaishe".

Sisi watu wa Mtwara hatuna anasa ya kusema yaishe. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kuna Wamakonde wenzetu, vinyago vyao vya mapiko ndivyo midimu yetu. Oktoba 2017 waliamka mji wa Mocímboa da Praia umevamiwa na wenye silaha wanaojiita wapigania dini. Kabla ya bunduki walikuwepo vijana, wakiwaambia wazee wao misikitini kwamba dini yao si dini. Oktoba 2020 moto ulivuka mto, tukazika watu wa Kitaya, kijiji cha huku kwetu mpakani. Sisemi hawa saba wa Jumamosi ni magaidi. Wawili kati yao nawajua kwao, mmoja mama yake ananiuzia samaki. Ninachosema ni kwamba mtu mzima akiona kijana anamtukana bibi hadharani na anaachwa, asishangae kesho kijana huyo akitafuta mkubwa zaidi wa kumtukana. Alitakiwa aambiwe pale pale, na mjomba wake, kwa kibao ikibidi.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye mkeka, ndiyo kwanza ametoa salamu ya alasiri, tasbihi bado iko mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, pole na yaliyotokea."

"Marahaba, mwanangu. Yepi?"

"Yale ya Jumamosi."

"Aa, wale." Akaendelea kuhesabu tasbihi hadi mwisho, bila haraka, mimi nimesimama. Kisha akanionyesha kwa kidevu ukutani, upande wa jua. Kulikuwa na ngozi imewambwa kwa vijiti, imekauka vizuri, manyoya bado hayajakwanguliwa.

"Ya mbuzi wa Idi ya kuchinja," akasema. "Jirani hakuwa na kazi nayo, na ya udhiya haiuzwi. Akanipa bure. Wewe una nguvu, njoo kesho na kisu unisaidie kukwangua. Wali wa upande wa pili wanatoka Jumamosi."