Herufi B na Sauti ya Mtoto: Tuzisomeje Kumbukumbu za Manusura wa Holokosti?

Wapo wanahistoria makini wanaosita kuzitegemea kumbukumbu zilizoandikwa na manusura wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, na kusita kwao hakutokani na ukosefu wa huruma. Raul Hilberg, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kiliweka msingi wa utafiti wa maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, alijenga hoja zake zaidi kwa nyaraka za Wajerumani wenyewe. Binadamu husahau, huchanganya tarehe, na pengine husimulia alichoambiwa na mwenzake akiamini alikiona kwa macho yake. Isitoshe, mwaka 1995 kilitoka kitabu cha Binjamin Wilkomirski kuhusu utoto wa kambini, kikasifiwa na kutuzwa, kumbe mwandishi alizaliwa Uswisi na hakuwahi kuwa mfungwa wa kambi yoyote. Hadaa ya aina hiyo huwapa silaha wale wanaokana kwamba mauaji hayo yalitokea.

Hoja hizo nazikubali. Nisichokubali ni hatua inayofuata, pale kumbukumbu hizi zinapochukuliwa kuwa kitu cha kumliza msomaji tu, ilhali maarifa yenyewe yanatafutwa kwenye majalada. Kambi ya Bełżec, kusini mashariki mwa Poland, inatosha kuonyesha kosa hilo.

Mauaji ya Bełżec yalianza Machi 1942 na kukoma Desemba mwaka huo huo. Baadaye maiti zilifukuliwa zikachomwa, majengo yakabomolewa, ardhi ikapandwa miti. Januari 1943 ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia mauaji hayo, Hermann Höfle, alituma ujumbe wa redio ambao Waingereza waliunasa bila kutambua maana yake. Ulikuja kufahamika miaka karibu 60 baadaye, ulipopatikana katika hifadhi ya nyaraka mjini London. Ndani yake Bełżec ni herufi B tu, ikifuatiwa na idadi: 434,508. Nimeirudia idadi hiyo mara nyingi, na kinachonisumbua ni ile 8 ya mwisho. Mtu aliyehesabu hadi kichwa cha mwisho hakuandika jina hata moja, wala neno "kuua", wala neno "Myahudi". Bila ujumbe ule tungekuwa tunakisia ukubwa wa mauaji. Lakini kwa ujumbe ule peke yake hatungejua ni nini kilichokuwa kikihesabiwa.

Anayetueleza ni Rudolf Reder, mtengenezaji wa sabuni wa mjini Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Alifikishwa Bełżec Agosti 1942 akiwa na umri wa miaka 61, akateuliwa miongoni mwa wachache wa kufanyishwa kazi, na Novemba alitoroka alipopelekwa Lwów kuchukua mabati, baada ya mlinzi wake kusinzia. Manusura mwingine, Chaim Hirszman, alianza kutoa ushahidi wake mjini Lublin Machi 1946, akauawa siku hiyo hiyo kabla hajaumaliza. Kwa hiyo kijitabu cha Reder, kilichochapishwa Kraków mwaka 1946, kimebeba karibu peke yake mzigo wa kambi nzima.

Ndani ya kijitabu hicho Reder anakadiria waliouawa kwa mamilioni, na hapo amekosea sana. Lakini ndimo pia tunamosoma kwamba waliowasili walihutubiwa na kuambiwa wataoga kisha watapelekwa kazini, na kwamba nyuso zao zilichangamka kwa matumaini. Wanawake walitambua mwisho wao walipoanza kunyolewa nywele. Kutoka ndani ya vyumba vya gesi Reder alimsikia mtoto akimwambia mama yake kwamba yeye alikuwa na adabu, na kwamba kuna giza. Wanaouliza kwa nini watu wale walikwenda kimya wanapata jibu lao hapa: walidanganywa kwa ustadi hadi hatua za mwisho, na walipojua hawakukaa kimya. Hakuna jalada la SS lililokuwa na sababu ya kuyahifadhi hayo.

Primo Levi, mwandishi aliyenusurika kambi ya Auschwitz, aliandika mwaka 1986 kwamba mashahidi kamili ni wale wasiorudi, na manusura ni wachache walioepuka kufika chini kabisa. Baadhi huyachukua maneno hayo kama hati ya kuzikataa kumbukumbu hizi. Mimi nayasoma kama kipimo cha uaminifu wake, kwani alikuwa ameandika kwa takribani miaka 40 akijua mipaka ya alichokiona. Reder naye alisimama nje ya mlango, na hakudai vinginevyo.

Ndiyo maana mhariri anayekichapisha upya kijitabu hicho asiifute idadi iliyokosewa wala asiifiche. Aiache mahali Reder alipoiweka, na chini ya ukurasa aandike 434,508 pamoja na maelezo ya ujumbe wa Höfle, ili msomaji awe na vyote viwili mbele ya macho yake.