Tukifuta "idiot" kwenye Kanuni ya Adhabu, tunaweka nini?

Wiki iliyopita nilikuwa steshenari moja hapa Dodoma mjini nasubiri kopi zangu, dada anayechapa akanigeukia, kaka hili neno "imbecile" tunaliandikaje kwa Kiswahili? Mteja wake alitaka kifungu cha 137 cha Kanuni ya Adhabu kiwekwe kwa Kiswahili kwa ajili ya semina. Mi nikajibu bila kufikiri, andika punguani. Akaandika. Ikasomeka pale kwenye kioo "kuwanajisi wajinga au mapunguani", tukaangaliana, hakuna aliyecheka, akaifuta.

Kifungu chenyewe kipo kweli, sio stori. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika 1945, na mpaka toleo la 2022 kichwa cha kifungu hicho kinataja "idiots" na "imbeciles", yaani mwanaume akimuingilia kinyume cha sheria mwanamke ambaye yeye mwanaume anajua kabisa yuko katika hali hiyo, ni kosa. Tuwe wakweli kwa Mwingereza, enzi zile hayakuwa matusi, yalikuwa maneno ya kidaktari ya kupanga watu kwa madaraja ya akili, hata sheria yao ya 1913 huko kwao iliyatumia hivyohivyo. Sisi tukayarithi, wenyewe wakayaacha.

Sa hivi ishu imekuwa ya haraka kwa sababu moja. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndio lugha ya sheria za nchi, kwa hiyo hizi sheria za Kiingereza zinatakiwa zitafsiriwe. Na Kiingereza kilikuwa kinatufichia aibu bana. Mama wa kule Kongwa ambaye binti yake kafanyiwa unyama, akisomewa "imbecile" haelewi, anasubiri tu haki yake. Akisomewa "punguani" mbele ya watu ataelewa vizuri sana, na huyo punguani ni mwanae. Vilevile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamwita "criminal lunatic" mtu aliyefanya kosa akiwa hana akili timamu, ukilitafsiri neno kwa neno unapata mwendawazimu mhalifu, wakati mahakama imeshasema huyu hakuwa anajua alichofanya, sasa uhalifu wake uko wapi?

Sisi wa Dodoma hili tunalijua kuliko mikoa mingine. Hospitali ya Mirembe iko hapahapa, na Isanga wanakowekwa wale wanaoletwa na mahakama, na ukitaka kumtukana mtu Tanzania nzima unamwambia we umetoroka Mirembe. Jina la hospitali limekuwa tusi! Nawajua watu wanaoogopa hata kushuka kituo kile mchana wasije wakaonekana, dawa wanazo za kwenda kuchukua lakini hawaendi.

Ila hapo hapo kwenye Mirembe ndio upande wa pili, wa wanaosema kubadilisha maneno hakusaidii, unapopata nguvu. Mirembe halikuwa neno baya, ni jina tu, watu wamelichafua wenyewe. "Mtindio wa ubongo" lilikuja kama neno la heshima, leo watoto wanatukanana nalo shuleni. "Mahitaji maalum" nalo ndo hilo linakwenda, nimeshasikia kijiweni mtu anaulizwa "we una mahitaji maalum nini?" na watu wanacheka. Kwa hiyo anayesema mtabadilisha maneno kila baada ya miaka ishirini na dharau itawafuata hukohuko, ana hoja, mi siwezi kumwita mbaguzi. Na hilo la mahitaji maalum mi binafsi silipendi kabisa hata bila matusi, halisemi kitu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, sasa ukiandika "wenye mahitaji maalum" hizo 2 kila mtu atajiingiza, maana nani hana mahitaji?

Halafu kuna wenye maneno yao. Kuna fundi viatu mmoja maeneo ya Majengo, hasikii, tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu. Siku moja nikajifanya mstaarabu nikamwandikia "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Akasoma akaandika chini yake: KIZIWI. Kwa herufi kubwa. Na chama chao kinaitwa hivyohivyo, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kwao uziwi ni lugha ya alama na ni jamii, sio upungufu. Wasioona wao wakajiita Wasioona. Wenzetu wenye ualbino wamelikataa "zeruzeru" moja kwa moja, na ukikumbuka mauaji yaliyowaandama, hapo sioni hata cha kubishana. Sasa mtu wa ofisini akija na fomula moja, "mtu mwenye ulemavu wa" halafu anajaza nafasi, anadhani kawaheshimu wote kumbe hajamuuliza hata mmoja. Wapo wanaodai kiziwi na kipofu ni matusi kwa sababu yako ngeli ya vitu, ki na vi. Hiyo hoja inanichosha, kiongozi je? Kijana? Kinyozi? Tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja.

Ila lililonibadilisha mawazo sio hayo, ni rafiki yangu wakili niliyempelekea hicho kifungu cha 137 nikitegemea atakasirika kama mimi. Akaniuliza, ukifuta unaweka nini? Nikamwambia weka "mwanamke mwenye ulemavu wa akili". Akasema haya, umeshapanua jela. Maneno ya zamani yalilenga hali nzito tu, lako linamchukua mpaka dada anayejua kusoma taratibu, anauza karanga, ana mpenzi wake na anajua anachotaka, huyo mpenzi sasa ni mhalifu hata kama wamekubaliana. Na ulivyo mzembe, anasema, kesho polisi atachanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili, na mwanamke aliyewahi kutibiwa sonona naye ataingia humo humo. Nilikosa jibu. Neno la kisheria lina mipaka yake kama kiwanja, ukihamisha bikoni umehamisha na watu.

Sasa chukua Katiba, ambayo imeandikwa Kiswahili safi. Ibara ya 5 inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu, pamoja na nyingine, ya "kuwa na ugonjwa wa akili". Hakuna tusi hapo, ni lugha ya hospitali kabisa. Lakini linganisha: kifungu chenye neno la aibu kinajaribu kumlinda mtu, ibara yenye neno la adabu inafungua mlango wa kumnyang'anya kura. Wale wa kusaka maneno machafu kwa kompyuta wataipita Katiba bila kugusa kitu, wakati tuliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na mkataba ule unadai ushiriki sawa kwenye siasa.

Kwa hiyo mi nimefika hapa: neno libadilishwe, ndio, tena lote, lakini lisibadilishwe peke yake. Marekani mwaka 2010 walipitisha sheria inayoitwa Rosa's Law, yaani Sheria ya Rosa, jina la mtoto ambaye familia yake ndiyo iliidai, wakafuta "mental retardation" kwenye baadhi ya sheria za shirikisho wakaweka neno jingine, na wakaandika wazi kwamba haki na masharti hayaguswi. Ni safi kwa alichotaka yule mtoto na familia yake, ila kwa kifungu kama 137 hiyo njia haitoshi, pale inabidi uandike upya kosa lenyewe, uulize kama mtu aliweza kukubali au hakuweza, badala ya kumpima yeye ni daraja gani. Sisi wenyewe tulishafanya vizuri mara moja. Sheria za 1982 zilisema "walemavu", ile ya ajira ikidai asilimia 2 kwa waajiri wa kuanzia watu 50, halafu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikabadilisha jina NA namba, asilimia 3 kuanzia wafanyakazi 20. Utekelezaji wake ni habari nyingine, zunguka maofisi uhesabu mwenyewe.

Dada wa steshenari alimalizia kwa kuacha nafasi tupu na nukta nukta, mteja atajaza. Nikawaza, hawa wanaotafsiri watajaza nini? Wizara ya Katiba na Sheria iko Mtumba. Ukitoka pale Mtumba ukafuata barabara hiyohiyo ya Dar kuelekea Chamwino, unafika Buigiri kwenye shule ya wasioona, wa kuwauliza wapo hukohuko.