Tanganyika haikupoteza bendera yake

Kila kero za Muungano zinapopamba moto, hakosekani mtu wa Bara anayeuliza: mbona Zanzibar wana bendera yao na sisi Tanganyika hatuna? Anauliza kwa uchungu kabisa, na mara nyingi hujibiwa kwa kejeli. Mimi pia ni mtu wa Bara, na jibu langu ni kwamba Tanganyika haikupoteza bendera. Inapepea kila siku kwenye kila ofisi ya serikali, tumeizoea tu mpaka hatuioni.

Bendera ya Tanganyika ilikuwa na kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na michirizi miwili myembamba ya dhahabu kati ya nyeusi na kijani. Kijani na nyeusi zilitoka kwenye bendera ya TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru. Dhahabu iliongezwa uhuru ulipokaribia. Ndiyo bendera aliyoisimika Luteni Alexander Nyirenda, pamoja na mwenge, kwenye kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, kilele ambacho zamani Wajerumani walikuwa wamekipa jina la Kaisari wao.

Sasa ichukue bendera hiyo. Kifute kijani cha chini uweke buluu, kisha mkanda mweusi uupitishe mshazari, kutoka chini mlingotini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Hapo umeshapata bendera ya Jamhuri ya Muungano iliyopitishwa 30 Juni 1964. Kijani kimebaki juu, upande wa mlingoti, mahali jicho linapotua kwanza. Nyeusi imebaki katikati, na michirizi ya dhahabu haikuguswa. Mtu aliyelala mwaka 1962 akaamka leo angeitambua mara moja, labda angeuliza tu nani kaipindisha.

Kwa Mzanzibari mambo ni tofauti. Bendera aliyoingia nayo kwenye Muungano, iliyotokana na rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP), ilikuwa na buluu juu, nyeusi katikati na kijani chini. Nyeusi na kijani Tanganyika tayari ilikuwa nazo, kwa hiyo mchango wa pekee wa Zanzibar unaoonekana ni ile buluu, nayo imewekwa pembe ya chini, mbali na mlingoti. Hebu tazama bendera iliyokaa juani na upepo miezi mingi bila kubadilishwa. Nyuzi huanza kuchomoka upande unaopigapiga hewani, buluu inakuwa kama vitambaa vya kufutia meza, na kijani bado kizima. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Upepo hauna chama.

Shuleni tulikariri kwamba kijani ni mimea, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu na buluu ni maji. Maana hizo ni nzuri, na sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba zinaficha ukweli kuwa rangi hizi zilikuwa za vyama kabla hazijawa za nchi, na kwamba bendera ya Muungano ni makubaliano ya TANU na ASP yaliyoshonwa kwenye kitambaa, miaka 13 kabla vyama hivyo havijaungana kuwa CCM mwaka 1977. Mtoto anayefundishwa madini na maji tu hawezi kuelewa kwa nini watu wazima wanagombania kitambaa.

Kwa upande wa Zanzibar kitambaa kina historia ndefu zaidi, na ilianza na nyekundu tupu, bila nyota wala maandishi. Ndiyo iliyokuwa bendera ya masultani. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zililipiga mizinga jumba la Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Vita havikufika saa moja, na mizinga ilinyamaza baada ya bendera ya jumba kuangushwa. Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed, na nyekundu ikapandishwa tena, ileile. Hapo ndipo ninapoona bendera inaweza kudanganya kuliko maneno: rangi haikubadilika hata kidogo, ila mwenye kauli ya mwisho sasa alikuwa mwingine. Hata Mombasa, juu ya Ngome ya Yesu, nyekundu hiyo iliendelea kupepea kuonyesha kuwa Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, ni mali ya Sultani, huku Waingereza wakiutawala kwa kumlipa kila mwaka. Ilibidi Oktoba 1963 mawaziri wakuu, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar, wakubaliane ndipo suala la Mwambao likafungwa.

Desemba 10, 1963 Zanzibar ikapata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na nyekundu ikaongezewa duara la kijani lenye karafuu mbili katikati. Kwa macho ya mtu wa michoro ni bendera nzuri mno, sitaki kuficha. Lakini karafuu zile zilikuwa na kumbukumbu mbili. Kwa mwenye shamba zilikuwa utajiri na jina la visiwa duniani. Kwa mjukuu wa aliyeletwa kwa nguvu kuzipanda na kuzichuma, zilikuwa jambo jingine kabisa. Bendera hiyo ilidumu siku 33. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa, ikaja ya muda ambayo haikumaliza mwezi, kisha ile ya buluu, nyeusi na kijani, ambayo nayo ilikuwa na umri wa miezi michache tu Muungano ulipotimia 26 Aprili. Karafuu yenyewe haikufukuzwa moja kwa moja. Iangalie Nembo ya Taifa: miguuni pa yule mwanamume na mwanamke kuna mmea wa karafuu na mmea wa pamba.

Kwa hiyo wakati Bara ilikuwa inaishi na bendera yake iliyopindishwa, Zanzibar ilikaa miaka 40 bila ya kwake. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, likapitisha sheria, na Januari 2005, Amani Abeid Karume akiwa rais, zile rangi tatu zikarudi, safari hii zikiwa na bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Wapo walioiona kama hatua ya kwanza ya kujitenga. Mimi naona kinyume chake: ni nchi gani inayojiandaa kuondoka halafu ikajichora bendera ya mwenzake mahali pa heshima?

Kasoro ninayoiona mimi ni hiyo kona yenyewe. Kuweka bendera ya mkubwa kwenye kona ya mdogo ni mtindo wa himaya ya Uingereza. Ndivyo zilivyo Australia, New Zealand na Fiji hadi leo. Rangi za mapinduzi kuvalishwa mtindo huo kunanikera kidogo. Kungeweza kupatikana njia nyingine ya kuonyesha udugu, ila sheria ilishapita na watu wameshaizoea.

Bendera hiyo kazi yake huonekana zaidi uwanjani kuliko Ikulu. Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa ajabu: Machi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, Julai ikaitoa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba Zanzibar Heroes, timu ya visiwa hivyo, wakaenda Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, wakafika fainali Machakos na kufungwa na Kenya kwa penalti. Najua watu wa Bara, wenye kadi zao za Yanga na Simba, walioshangilia Zanzibar siku ile bila kuona kuwa wameisaliti Tanzania hata chembe.

Narudi kwa yule ndugu anayeuliza ya Tanganyika iko wapi. Swali lake si la kupuuzwa, maana Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipotoa rasimu za Katiba mwaka 2013 ilipendekeza serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika, na Tanganyika ikisimama itahitaji kitambaa. Ila ajiandae kwa shida ya kiufundi. Akiirudisha ile ya 1961 na kuipandisha pembeni mwa ya Muungano siku isiyo na upepo, zikiwa zimelala kwenye milingoti, nani atazitofautisha? Itabidi Tanganyika ichore upya kabisa, au Muungano ndio uchore upya, na hapo naona Wazanzibari wangekuwa na haki ya kudai buluu ipande juu.