Bosi alivyotufungia nje ya seva yetu wenyewe

Bosi alikuwa anataka kitu kimoja tu, awe kwake kalala kitandani afungue mafaili ya ofisi kama yupo ofisini, ila mwizi asiweze. Seva yenyewe, kompyuta inayotunza hayo mafaili, hatukai nayo, iko jengo lingine huko mbali, anayekaa nayo ni mzee mlinzi.

Basi nikaweka SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na kila kinachopita njiani kimefichwa. Bosi akauliza ni salama kweli? Nikamwambia bosi hii kitu ilitengenezwa Finland mwaka 1995 na Tatu Ylönen, baada ya mtu kunasa mapaswedi ya watu kwenye mtandao wa chuo chao, maana enzi hizo watu walikuwa wanatumia njia ya zamani inaitwa telnet, paswedi inapita wazi wazi njiani, mwenye macho anaisoma. Bosi akatikisa kichwa, akasema huyo dada ana akili sana, namba yake unayo? Nikamwambia bosi ni mwanaume. Akanyamaza kidogo.

Shida ilianza nilipomwonyesha logi, lile daftari seva inapoandika kila anayejaribu kuingia. Seva ukishaiweka intaneti hata siku haiishi, tayari viroboti vya dunia nzima vinabisha hodi poti 22, mlango wa SSH, vinajaribu majina ya watumiaji, vinajaribu root, vinajaribu admin, vinajaribu test, usiku kucha. Bosi akasoma akakunja uso, "Huyu admin ni nani? Aitwe hapa." Nikamtuliza, nikamwambia ipo programu inaitwa fail2ban, mtu akikosea paswedi mara 5 ndani ya dakika 10 IP yake, yaani anwani yake ya mtandaoni, inafungiwa dakika 10. Weee! "Dakika 10? Mwizi unampa dakika 10 kama mtoto wa shule? Mfungie milele!" Haya, bosi kasema. Kwenye settingi za fail2ban milele inaandikwa -1, nikaandika -1.

Laptopu ya bosi nilishaiwekea ufunguo wake safi kabisa, aina ya ed25519, ni faili la siri linalokuingiza bila paswedi ya seva, kazi yake ni kubofya tu. Sasa siku hiyo akaja na laptopu nyingine mpya, hajasema kitu kwa mtu, kakaa chumbani kwake hapo ofisini anajaribu. Ufunguo haumo, kwa hiyo seva inamuomba paswedi (nilikuwa sijazizima, wenzetu wengine walikuwa bado hawajapata funguo). Mi niko zangu upande wa pili nafanya kazi ndani ya seva, nasikia tu kibodi inapigwa, kila ikirudia inapigwa kwa nguvu zaidi, taa ya caps lock inawaka pale kama ya ambulensi. Ghafla skrini yangu ikaganda. Jirani yangu naye, "mtandao umekata?" Bosi akatoka mbio, "Wezi! Wameingia!"

Hakuna mwizi. Ofisi nzima tunatoka kwa ruta moja, IP moja, seva ikituangalia inaona mtu mmoja tu, na huyo mtu kakosea paswedi, kafungiwa. Milele.

Nikasema poa, nitapitia simu, IP nyingine, natoa kifungo fasta. Nikawasha hotspoti. Kumbe bosi hotspoti yangu anaijua vizuri sana, bando lake likiisha ndo anapokimbilia, laptopu yake ikaidaka yenyewe. Mi bado naandika neno la siri la ufunguo wangu, yeye huko kashaanza upya na caps lock yake. Na simu nayo ikafungiwa.

Mtu akajitolea simu yake, bosi mwenyewe akakataa, "Zitaisha zote hizi, mpigie mzee."

Mzee akapatikana, akaingia chumba cha seva, kibodi na skrini vipo. Nikamwekea laudi spika. "Mzee andika paswedi ninayokutajia." Kimya. "Kijana, naandika haitokei kitu." Mzee haionekani, ndo ilivyo, we andika tu. "Nitajuaje nimeandika?" Tukabishana hapo mpaka akakubali kwa shingo upande. Sasa paswedi yenyewe ndefu, naitaja kwa sauti, M kubwa, k ndogo, alama ya dola, SIYO esi mzee, DOLA, ofisi nzima imetulia inasikiliza, kuna mmoja anamsahihisha. Tukaingia. Kisha amri ya kuwafungulia wote, sudo fail2ban-client unban, nafasi, dashi mbili, all. "Dashi ipi, ya juu au ya chini?" Ya katikati mzee.

Akabonyeza enta, skrini yangu ikafunguka, watu wakapiga makofi. Nikabadilisha ile -1 haraka kabla bosi hajarudi mezani.

Simu ikalia, grupu la ofisi. Mzee katuma picha ya seva, juu yake kabandika karatasi yenye paswedi yote kwa kalamu nyekundu, kaandika chini "nimeiweka hapa msipate shida tena". Bosi wa kwanza kujibu: "Asante mzee, ndo niliyokuwa naitafuta tangu asubuhi."