Kishika uchumba kipo Kange, nyumba ya Makorora haijauzwa

Ukishatoa kishika uchumba, yaani arubuni, cha nyumba mpya, mwenye haraka ni wewe, na Tanga si mji wa kuficha haraka. Dalali aliyekupeleka Kange ndiye huyo huyo, au mwenzake wa kijiwe kimoja, atakayekuletea mnunuzi wa nyumba yako ya Makorora. Tarehe yako ya kumalizia malipo anaijua, maana mlipoandikishana alikuwepo. Mnunuzi akitaja milioni 58 kwa nyumba uliyoitangaza kwa 65, dalali hambembelezi aongeze. Anakubembeleza wewe ushuke: "Bosi, hii hela ya mkononi, ya kesho huijui."

Sisemi kununua kabla ya kuuza ni kosa. Kosa ni kusaini tarehe ya mwisho ya malipo yanayotegemea nyumba ambayo bado haina hata mteja wa kuiulizia.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya Kange ni milioni 85. Umetanguliza asilimia 10, yaani milioni 8.5, na salio la milioni 76.5 ulipe ndani ya siku 90. Mkononi umebakiwa na milioni 15. Makorora unategemea milioni 65, kwa hiyo kichwani una milioni 80 na unaona umevuka. Sasa toa. Dalali wa asilimia 5 anaondoka na milioni 3.25. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida. Kama gharama zako zote zenye risiti, dalali akiwemo, ni milioni 45, faida ni milioni 20 na kodi ni milioni 2. (Nyumba uliyoimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3 husamehewa, lakini faida isizidi milioni 15, hapa imezidi.) Umebaki na milioni 74.75. Deni ni 76.5, na bado ushuru wa stempu wa nyumba mpya, asilimia 1, yaani 850,000, na ada ya wakili. Umepelea zaidi ya milioni 2.6 hata kabla bei ya Makorora haijashushwa.

Na hiyo ni kama mnunuzi wako atalipa mkupuo mmoja. Wengi hawalipi hivyo. Watakuja na nusu leo, nusu kiinua mgongo kikitoka, au mkopo ukipita. Mwenye wakili makini atazuia sehemu ya fedha mpaka hati isome jina lake. Wewe Kange umeahidi siku 90, yeye Makorora anakulipa kwa miezi 8. Bei mnaweza kuelewana. Kinachowatoa watu jasho ni kalenda mbili zisizokutana.

Kalenda ya hati nayo haiendi kwa matakwa yako. Nyumba yenye hati miliki inahitaji upekuzi kwa Msajili wa Hati, ripoti ya uthamini, ridhaa ya mwenza, kodi ya pango la ardhi isiwe na malimbikizo, maombi ya kibali cha uhamisho, kodi ya ongezeko la mtaji ilipwe, ndipo uhamisho usajiliwe. Kodi hiyo hulipwa kabla ya usajili, wakati huenda bado hujapokea malipo ya mwisho. Weka fedha hiyo kando mapema, usiihesabu kuwa ya Kange. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ambao wengi bado wanauona ndiyo mwisho wa biashara, ni ushahidi tu kwamba mmeonana. Hauhamishi miliki.

Kwa nyumba za Ngamiani, zile za barabara zenye namba, kuna kikwazo kingine: jina kwenye karatasi ni la marehemu babu. Hapo hakuna cha kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na warithi wakiwa tisa, mmoja Mombasa na mwingine Muscat, usimuahidi mtu yeyote tarehe. Maliza mirathi kwanza, kisha ndiyo uende kuangalia nyumba.

Benki je? Wapo wanaochukua mkopo kwa dhamana ya nyumba ya zamani ili walipie mpya. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini hati ikishawekwa rehani, nyumba ile haihamishiki kwa mnunuzi mpaka deni lilipwe na rehani ifutwe. Umekopa kwa kutegemea kuiuza, na mkopo wenyewe ndio unaokuzuia kuiuza, huku riba inatembea. Kama ni lazima, mnunuzi wako alipe deni moja kwa moja benki kwa maandishi ya pande tatu, na benki ikubali hilo kabla hujachukua hata shilingi.

Ukiipenda nyumba kiasi cha kushindwa kusubiri, pigania kifungu kimoja kwenye mkataba. Mpe wakili wako maneno ya namna hii: "Mnunuzi atalipa salio ndani ya siku 30 tangu apokee malipo kamili ya nyumba yake iliyopo Makorora. Iwapo nyumba hiyo haitakuwa imeuzwa ifikapo tarehe fulani, mkataba huu utakoma na arubuni itarejeshwa, isipokuwa shilingi 1,000,000 atakazobaki nazo muuzaji." Muuzaji wa Kange atakunja uso, ndiyo sababu ya kumwachia ile milioni. Bila kifungu hicho, wengi huandika kwamba arubuni yote inapotea. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inasema aliyevunjiwa mkataba hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye mkataba, kwa hiyo unaweza kudai urejeshewe kinachozidi fidia hiyo. Lakini kuipata haki hiyo ni kesi, na kesi ya ardhi haifuati siku zako 90. Na yote yawe kwenye maandishi. Mkataba wa kuuziana ardhi kwa mdomo hausimami mahakamani.

Mimi ningeuza kwanza, kisha nikae humo humo kama mpangaji. Mwombe mnunuzi wako miezi 4 baada ya malipo, kwa kodi ya mwezi inayoandikwa. Tuseme ni 250,000: miezi 4 ni milioni moja kamili. Linganisha na milioni 7 unazoachia pale 65 inapogeuka 58. Unaingia Kange na fedha benki, na safari hii anayepunguziwa bei ni wewe.

Kama nyumba ina wapangaji wa vyumba waliolipa kodi ya miezi 6, orodhesha kila mmoja na tarehe yake kabla ya kutangaza, la sivyo mnunuzi atakata fedha kwa ajili yao. Lipa maji, angalia LUKU, mita ya umeme, haina deni la kodi ya majengo, kwangua chumvi ukutani upake upya. Na usionyeshe nyumba ya bati lililoliwa na kutu katikati ya masika. Aprili mteja atasimama ukumbini akihesabu ndoo.