Mmetukata vichwa tena

Mhariri, makala yenu ya leo inasema unene ni ulafi na uvivu, kila mtu ajilaumu mwenyewe. Haya. Lakini hiyo picha mliyoweka: mama wa watu kapigwa kwa nyuma sokoni, kuanzia shingoni hadi magotini, kikapu mkononi. Kichwa hakuna. Mliona haya kumwonyesha uso, makalio hamkuona haya.

Mimi nina kilo 104. Naamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, kisha natembea na ndoo kichwani kuwauzia mafundi gereji. Huo uvivu uko wapi? Mwaka jana nilikwenda zahanati moja, sikio linauma. Tabibu hakulichungulia hata, akaniambia nipunguze ugali. Lilitoka usaha wiki nzima. (Labda nilikuwa nakula kwa masikio.)

Mkitaka sayansi, ipo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka 6 baadaye karibu wote walikuwa wameongezeka tena, na miili yao bado ilikuwa inachoma nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Mwili nao unagoma, jamani.

Soda na chipsi zina lawama yake, sikatai. Ila tangazo la soda si ndilo limejaa ukurasa wenu wa mwisho? Na huyo mama wa kikapu, mlimwomba ruhusa?